Nani Anasema? Idhini ya Msemaji katika Mawaidha ya Kiislamu kwa Kiswahili, kutoka Darsa hadi Simu ya Mkononi

Kyimo ni kata ya Wilaya ya Rungwe iliyo kando ya barabara kuu itokayo Uyole, ikapita Kiwira na Tukuyu, kisha ikateremka hadi Kasumulu katika mpaka wa Tanzania na Malawi. Wanaoifahamu huifahamu kwa migomba yake na mvua yake. Katika maandishi yahusuyo Uislamu wa Afrika Mashariki haitajwi, na Rungwe kwa jumla hutajwa tu pale inapozungumziwa kama nchi ya Wamoraviani na Walutheri. Ukimya huu unaeleweka. Historia ya mawaidha ya Kiislamu kwa Kiswahili imeandikwa kutoka mahali wanakotoka masheikh: Lamu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo, Tanga, na baadaye Dar es Salaam. Mahali wanakopokelewa hapajashughulikiwa sana.

Tofauti hiyo ya mahali pa kusimama si ndogo. Atazamaye kutoka Lamu huona mabadiliko kama safari kutoka ukaribu kwenda umbali: zamani mwanafunzi alikaa mbele ya mwalimu wake, leo anamtazama katika kioo cha simu. Atazamaye kutoka Kyimo haoni safari hiyo, kwa sababu hapa mwalimu mkubwa alikuwa mbali tangu mwanzo. Neno lilifika kwa karatasi, kwa msafiri, kwa redio, kwa kaseti, na sasa kwa simu. Makala haya yanadai kwamba swali linalofaa kuongoza historia hii si la ukaribu na umbali. Ni swali la idhini: msikilizaji hujuaje nani anasema, na kwa ruhusa ya nani? Kila chombo kilijibu swali hilo kwa njia yake, na majibu hayo yamo ndani ya lugha yenyewe, katika fomula za kufungulia, viwakilishi vya nafsi na maneno yaelekezayo mahali na wakati.

Majina ya kazi

Kiswahili kina maneno mengi kwa kazi hii, na karibu yote yana asili ya Kiarabu: hotuba, mawaidha, darsa, mhadhara, daawa, mahubiri. Hayalingani. Hotuba, kwa maana yake ya msikitini, ni sehemu ya ibada ya Ijumaa na ina masharti yake ya kifikihi. Darsa ni somo. Lina kitabu na lina mwalimu. Mawaidha ni nasaha, na yaweza kutolewa matangani, arusini au baada ya sala ya alasiri. Mhadhara ni neno lililokua sana katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, nalo linakaa pia katika vyuo vikuu, ambako mhadhiri ni mwalimu wa chuo na mhadhara ni somo lake. Ushirika huo wa maana unafaa kuangaliwa, kwa kuwa aliyeitwa mhadhiri katika uwanja wa soko alivaa, kwa jina hilo, sehemu ya heshima ya ukumbi wa chuo kikuu.

Neno lililosafiri kwa namna ya ajabu zaidi ni hubiri. Asili yake ni Kiarabu, lakini wamisionari walilitumia kwa wingi katika tafsiri na ibada zao hata likapata harufu ya kanisa. Katika nchi kama Rungwe, mtu akisikia kwamba kuna mahubiri, hudhani kwanza mkutano wa Kikristo. Kwa hiyo Waislamu wa miaka ya 1980 walipojiita wahubiri wa Kiislamu, walikuwa wakilichukua tena neno lililokwisha kuhamia kwa jirani, na walikuwa wakitangaza kwamba watafanya kazi ileile anayoifanya jirani, katika uwanja uleule.

Goti la mwalimu na karatasi ya mtunzi

Katika chuo cha pwani, elimu ilishikwa kwa kupiga goti. Mwalimu alisoma kifungu cha Kiarabu, akakifasiri kwa Kiswahili, akaeleza, akaendelea. Vitabu vya mwanzo vya fikihi ya Kishafii, kama vile Safinat al-Najah, vilisomeshwa hivyo kote pwani. Mwanafunzi aliyemaliza kitabu alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kukisomesha, na ruhusa hiyo ilikuwa na mnyororo wa majina kutoka mwalimu hadi mwalimu. Kiswahili katika mfumo huu kilikuwa lugha ya ufafanuzi. Mamlaka yalikaa katika matini ya Kiarabu na katika mnyororo wa waliopokezana matini hiyo. Kiswahili kilikuwa njia ya kuyafikia. Hotuba ya Ijumaa nayo katika misikiti mingi ilisomwa kwa Kiarabu, mara nyingi kutoka katika mikusanyo iliyonasibishwa na Ibn Nubata, khatibu wa karne ya kumi, na aliyetaka kuielewa alisubiri maelezo ya Kiswahili yaliyotolewa nje ya hotuba yenyewe.

Hata hivyo, si kweli kwamba mawaidha ya jadi yote yalikuwa ya ana kwa ana. Utendi ulikuwa chombo cha mbali. Karatasi ilinakiliwa kwa hati za Kiarabu, ikapelekwa mji mwingine, ikasomwa kwa sauti mbele ya watu wasiomjua mtunzi, pengine miaka mingi baada ya kifo chake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir iliwaonya watu juu ya dunia ipitayo, tena katika vizazi ambavyo mtunzi hakuviona. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulikusudiwa binti mmoja ukawa wosia wa mabinti wa pwani nzima. Jambo la kuzingatia ni jinsi tenzi zilivyolitatua tatizo la kutokuwapo kwa msemaji. Watunzi wengi walifungua kwa kumsifu Mungu na kumsalia Mtume, wakaitisha karatasi na wino. Walipofunga walijitaja wenyewe au nasaba yao, wakataja mwaka, wakati mwingine idadi ya beti, wakaomba dua na kuwataka wajuzi wawasahihishe. Kwa hiyo matini ilibeba ijaza yake yenyewe, na aliyeisoma Pate au Bagamoyo alijua inaanzia wapi, inaishia wapi na ni ya nani.

Maulidi yalifanya kazi ya namna hiyo. Barzanji ilisomwa kwa Kiarabu, na Sayyid Mansab (1829–1922) aliifasiri kwa mashairi ya Kiswahili. Tarika, hasa Kadiria na Shadhilia, ziliyapeleka masomo, zikiri na maulidi ndani ya bara kwa kasi ambayo wanazuoni wa vyuo peke yao wasingeiweza. Nimtz (1980) ameonyesha jinsi kituo cha Sheikh Ramiya cha Bagamoyo kilivyowavuta watu ambao chuo cha kale kisingewapa nafasi ya mbele, wakiwamo waliokuwa watumwa. Mnyororo wa khalifa na muridi ulikuwa ijaza ya namna nyingine, na haukumdai mtu nasaba ya pwani.

Rungwe na lugha ya dini

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa jina la Mswahili lilitanguliwa na habari mbaya. Mwaka 1887 watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejiimarisha karibu na Karonga, waliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu wa karibu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili. Vita vilivyofuata viliwaingiza Waingereza, na Mlozi alinyongwa mwaka 1895. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuta kumbukumbu hiyo ingali mbichi, nao hawakuiacha ipoe.

Wamisionari hao waliamua kuhubiri kwa Kinyakyusa. Serikali ya Kijerumani, kwa upande wake, ilihitaji lugha moja ya utawala, nayo ilikuwa Kiswahili, lugha ya askari, karani, akida na mchuuzi. Wright (1971) ameeleza kwa kina mvutano huo. Katika Kongamano la Kikoloni la Berlin mwaka 1905, Julius Richter wa Misheni ya Berlin aliulalamikia vikali Uislamu barani Afrika, na hofu ya wamisionari ilikuwa kwamba Kiswahili kinaubeba Uislamu mgongoni. Hofu hiyo ilikuwa na chumvi nyingi, lakini haikuwa bila mantiki. Mjini Tukuyu, ulioitwa Neu-Langenburg wakati huo, Kiswahili na Uislamu vilikaa mtaa mmoja: boma, kambi ya askari, maduka. Katika sehemu nyingi za bara, kusilimu na kuwa Mswahili vilikuwa karibu jambo moja katika macho ya majirani.

Matokeo yake ya kiisimu yamedumu. Kanisa katika Rungwe lilikuwa na lugha mbili, ya nyumbani na ya taifa. Msikiti ulikuwa na lugha mbili pia, lakini zote zilitoka nje: Kiarabu cha ibada na Kiswahili cha maelezo. Sauti th na dh, ambazo hazimo katika mfumo wa Kinyakyusa, zikawa alama ya kusikika ya aliyesoma chuoni. Msikilizaji wa Rungwe aliweza kumtambua mwalimu kwa ulimi kabla ya kumtambua kwa hoja. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kujibu swali la nani anasema, ingawa hakuna kitabu kilichoiandika kama sharti.

Barua ya mwaka 1908

Katikati ya mwaka 1908, mwaka mmoja hivi baada ya kuzimwa kwa Vita vya Majimaji, barua ilienea katika eneo la Lindi na miji mingine ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilisemekana imetoka katika miji mitakatifu, kwa Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume, aliyeota ndoto na kupewa onyo: Kiyama kimekaribia, watu watubu. Iliwataka wasomaji wainakili na kuipeleka kwa wengine. Watu waliisoma misikitini, wengine wakaacha kazi. Maofisa wa Kijerumani walishtuka, wakakusanya nakala, wakatafuta chanzo, na tuhuma zikamfikia Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyekuwa Zanzibar. Wanahistoria hawajakubaliana kama barua hiyo ilikuwa njama ya kisiasa, kazi ya Kadiria, au wimbi tu la toba katika nchi iliyotoka vitani.

Kwa makala haya, suala la njama si la msingi. La msingi ni umbo la matini. Barua ilikuwa na jina, lakini jina hilo halikuweza kuthibitishwa na yeyote aliyeishika. Haikuwa na ijaza. Badala ya mnyororo wa waliopokea kwa kusoma, ilikuwa na mnyororo wa walionakili kwa hofu, na amri ya kunakili ilikuwa sehemu ya ujumbe wenyewe. Utendi uliomba dua na masahihisho. Barua iliomba nakala tu. Aliyepokea hakuwa na wa kumwuliza, na hakuhitaji elimu yoyote ili awe mpelekaji.

Ndoto ya Sheikh Ahmad haijafa. Matini ya aina hiyohiyo inazunguka hadi leo katika simu, pamoja na onyo kwa asiyeisambaza. Wanaolaumu simu kwa kuleta ujumbe usio na mwenyewe wanaisahau barua hii, iliyoenea kwa kalamu ya mwanzi na miguu ya wasafiri. Umbo hilo limetangulia umeme.

Kitabu na gazeti

Uchapaji ulirudisha jina la msemaji mahali pa wazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Alichokifanya hakikuwa kubadili chombo tu. Alikitoa Kiswahili katika nafasi ya kufasiri akakiweka katika nafasi ya kuhoji: makala yake yalianza na tatizo la mji, iwe elimu, uvivu, arusi za fahari au uzushi katika dini, kisha yakaiendea aya na hadithi. Katika darsa mwendo ulikuwa kinyume chake, kutoka matini kwenda kwa watu. Mgeuko huo wa mpangilio wa hoja ndio uliofungua mlango wa karibu kila kilichofuata, na ni ajabu kwamba wanaoandika juu ya nathari ya Kiswahili humpita Sheikh Al-Amin haraka ili wamfikie Shaaban Robert.

Tafsiri za Kurani zilikuwa uwanja wa ushindani. Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana alichapisha yake mwaka 1923, Waahmadiyya walitoa ya kwao mwaka 1953 chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982) alitoa Qurani Takatifu mwaka 1969, akijibu kwa makusudi zilizomtangulia. Tafsiri ya Farsy ndiyo iliyofika mbali. Kwa Mwislamu wa wilaya kama Rungwe, aliye mbali na chuo, maana yake ilikuwa kubwa: kwa mara ya kwanza aliweza kuihakiki kauli ya mwaidhi kwa kufungua ukurasa, tena kwa lugha anayoielewa. Idhini ilianza kuhama kutoka mtu kwenda kitabu.

Uwanja wa mihadhara

Kuvunjwa kwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki na kuanzishwa kwa BAKWATA mwaka 1968 kuliiacha Tanzania na chombo kimoja rasmi cha Waislamu. Vijana wengi wasomi hawakuridhika nacho, na kuanzia mwaka 1975 Warsha ya Waandishi wa Kiislamu ikawa mahali pa kuandika nje ya kivuli chake. Mwaka 1981 Ahmed Deedat wa Afrika Kusini alizuru Tanzania na kuonyesha mbinu ambayo wengi hawakuwa wameiona: kuutetea Uislamu kwa Biblia iliyofunguliwa mkononi. Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba waliifanya mbinu hiyo kuwa ya Kiswahili, na kitabu chao Uislamu katika Biblia (1987) kikawa mwongozo wa waliowafuata.

Mhadhara wa aina hii una msemaji na msomaji. Msemaji hutaja kitabu, sura na aya. Msomaji huisoma kwa sauti. Msemaji humkatiza, humrudisha, humtaka akariri neno. Mpangilio huu umechukuliwa kutoka darsa, kwani hata huko mwanafunzi husoma na mwalimu husimamisha. Lakini kitabu kimebadilika. Kinachosomwa ni Biblia ya Kiswahili, na kwa hiyo Kiswahili cha mhadhara kimejaa msamiati wa kanisa: Bwana, Roho, Torati, mataifa, uzima. Hapa ndipo swali la idhini lilipopata jibu jipya kabisa. Mhadhiri hakuwa na haja ya ijaza ya Bagamoyo wala ulimi wa Unguja. Idhini yake ilikuwa sura na aya ambazo mpinzani wake mwenyewe angeweza kuzihakiki. Wengi wa wahadhiri hawakuwa wanazuoni kwa kipimo cha chuo, na masheikh wa zamani waliwalaumu kwa hilo. Lawama hiyo, hata ilipokuwa ya haki, haikuelewa kwamba kipimo kilikuwa kimebadilishwa.

Katika wilaya yenye Wakristo wengi, mbinu hii ina nguvu na hatari kwa kipimo kimoja. Ina nguvu kwa kuwa Biblia ndicho kitabu ambacho msikilizaji amekulia nacho. Ina hatari kwa kuwa katika uwanja wa mhadhara Mkristo si mtu wa tatu. Yeye ndiye aliyeelekezewa maneno, ndiye nafsi ya pili, ndiye ninyi. Akiwapo anaweza kusimama na kujibu, na mhadhara uliofanywa vizuri ulimpa nafasi hiyo. Serikali na makanisa waliona kashfa. Wahadhiri waliona mjadala. Mvutano huo ulifika mahali pa damu katika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, ambapo watu waliuawa katika makabiliano na polisi.

Kaseti iliubeba mhadhara ikauacha uwanja nyuma. Vipaza sauti viliifanya sauti isikike mtaa wa pili, lakini kaseti iliifikisha katika basi la Mbeya na katika kibanda cha fundi redio. Iliuzwa nje ya misikiti, ikarudufiwa nyumbani, ikaazimwa hadi utepe ukachakaa. Sauti ya Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar (alifariki mwaka 2013) ilijulikana na watu wengi ambao hawakuwahi kuvuka bahari. Bado kaseti ilikuwa na ganda, na juu ya ganda paliandikwa jina la sheikh, mada, na upande wa kwanza au wa pili. Ilianza na Bismillahi na sala juu ya Mtume, ikapita katika ama baad, ndipo mada ikafuata. Aliyeisikiliza kwa dakika sitini alimsikia mtu mzima, pamoja na kukohoa kwake, mizaha yake na masharti aliyoyaweka kabla ya kutoa hukumu. Kilichopotea kilikuwa maneno ya kuelekeza: leo, hapa, msikiti huu, jambo lililotokea juzi. Maneno hayo, yakisikilizwa Rungwe miaka mitatu baadaye, hayakuelekeza popote. Msikilizaji aliyajaza mwenyewe.

Redio na kiini cha tatizo

Redio haihitaji maelezo marefu. Redio za serikali, kabla na baada ya uhuru, zilitenga vipindi vya dini na kumtambulisha msemaji kwa jina. Mtangazaji ndiye aliyempa idhini. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilipovunja ukiritimba, vikafuata vituo vya Kiislamu kama Radio Kheri na Radio Imaan, ambavyo kwa mara ya kwanza viliweka darsa, usomaji wa Kurani na simu za wasikilizaji katika ratiba ya siku nzima. Kipindi cha maswali kiliwafaa hasa wanawake, ambao darsa ya msikitini mara nyingi iliwaweka nyuma ya pazia au nje kabisa. Redio pia ilikuwa na mlango ambao serikali iliweza kuubisha. Februari 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliifungia Radio Imaan kwa miezi sita kwa matangazo kuhusu sensa ya mwaka 2012, na kuifungia vivyo hivyo redio ya Kikristo, Kwa Neema FM ya Mwanza, kwa matangazo kuhusu mgogoro wa uchinjaji. Mgogoro huo ulikuwa umezuka Buseresere, mkoani Geita. Miezi miwili baadaye ukawaka Tunduma, ambako wakati huo kulikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Kwa watu wa Rungwe hizo hazikuwa habari za mbali.

Mwaka 2013 ni mpaka unaofaa pia kwa sababu nyingine. Katika miaka iliyofuata, simu zenye intaneti zilienea hata vijijini, na kufungia kituo hakukutosha tena kukizuia kilichokwisha kusemwa. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018, na zile za mwaka 2020 zilizochukua nafasi yake, ziliwataka wenye televisheni za mtandaoni wapate leseni. Kanuni hizo zinamhitaji mwenye chombo. Kipande cha dakika mbili kinachopita kutoka simu hadi simu hakina mwenye chombo.

Hapa ndipo uchambuzi wa lugha unapofaa. Mawaidha marefu yanayowekwa kwenye YouTube, kama visa vya Mitume vya Sheikh Othman Maalim wa Zanzibar, kwa umbo bado ni darsa. Yana ufunguzi, yana mfululizo, yana mtu anayejulikana, na msikilizaji wa Kyimo anayeyafuata usiku baada ya usiku anapata kitu ambacho baba yake asingekipata bila kuhama: mwalimu wa Unguja, na Kiswahili cha Unguja, kwa saa nzima. Huu ni ukaribu kuliko wowote ambao Rungwe imewahi kuwa nao na vyuo vya pwani. Wanaosema teknolojia imeua darsa wanasema kutoka mahali ambapo darsa ilikuwapo.

Kipande kilichokatwa ni jambo jingine. Kinaanza baada ya ama baad na kuisha kabla ya dua. Fomula zote zilizokuwa zikimtambulisha msemaji zimekatwa, kwa kuwa mkataji aliziona hazina ladha. Sharti lililotangulia hukumu limebaki katika dakika ya kumi na tano, nayo hukumu imesafiri peke yake. Kichwa kilichoandikwa juu yake si cha sheikh, ni cha mkataji, na mara nyingi kimetiwa chumvi. Jambo linalotatiza zaidi ni nafsi. Ninyi ya uwanjani, iliyomlenga Mkristo aliyesimama pale na aliyeweza kujibu, inaingia sasa katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa shule au cha wanahisa wa VICOBA, ambacho dini zote zimo. Hakuna aliyekusudia kumwambia jirani maneno hayo, lakini jirani ameambiwa. Hawezi kumjibu msemaji, ambaye hajui kama kipande kipo. Atamjibu aliyekituma, ambaye hakusema kitu.

Umbo la barua ya mwaka 1908 limerudi, likiwa na sauti na sura. Tofauti ni kwamba sura ni ya kweli na jina laweza kuwa la kweli; kisichothibitika ni kauli, kama ndiyo aliyoisema mzima au ni nusu yake. Barua ilikuwa na jina lisilo na mtu. Kipande kina mtu asiye na maneno yake yote.

Nafasi inayoachwa wazi hapo inamwangukia mtu ambaye historia hii imemsahau kuliko wote, yaani imamu au mwalimu wa madrasa wa mji mdogo. Hakupata kuwa mtoa fatwa. Kazi yake ilikuwa kusomesha watoto, kusalisha, kuzika na kutoa mawaidha mafupi Ijumaa. Sasa anaoneshwa simu na kuulizwa kama hiki ni kweli, na anayemwuliza amekwisha kukipeleka kwa wengine ishirini. Ili ajibu lazima amtafute msemaji, atafute mhadhara mzima, asikilize saa nzima kwa gharama ya bando lake, kisha aeleze kwa Kiswahili, na pengine kwa Kinyakyusa kwa mzee aliyekaa pembeni, ni sehemu gani iliyokatwa. Kwa maneno mengine anarudia kazi ya mwalimu wa darsa, kuchukua matini iliyotoka mbali na kuifasiri kwa watu anaowajua, isipokuwa kwamba safari hii matini na lugha ya kuifasiria zote ni Kiswahili, na hakuna aliyempa ijaza ya kuifanya kazi hiyo isipokuwa wale wanaomwuliza.